Kinyozi anyoe, shingo aiache

Kuna desturi iliyoenea katika vibanda na maduka ya vinyozi hapa Shieywe, na kwa jumla katika mji wote wa Kakamega, ambayo imefika wakati tuijadili waziwazi. Mteja akishanyolewa na kufutwa kwa taulo la moto, hukandwa kichwa na mabega kwa mafuta, kisha huambiwa alegee. Kinyozi humshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, humzungusha kichwa polepole mara mbili tatu, halafu ghafla hukipiga msokoto kuelekea upande mmoja. Shingo inaalika: ka! Kisha upande wa pili: ka! Mteja hufumbua macho, hutabasamu, huongeza shilingi 50 na kwenda zake akijihisi mwepesi.

Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji asipoteze muda kuutafuta. Tendo hilo linafaa kukomeshwa. Sizungumzii kukandwa mabega, jambo ambalo sina ugomvi nalo hata kidogo. Nazungumzia kule kualishwa shingo kwa msokoto wa ghafla. Ili nieleze sababu, itabidi tufunue ngozi kidogo tutazame ni vitu gani hasa vilivyo chini ya mkono wa kinyozi.

Tuanze na mgongo. Watu wengi hudhani misuli ya mgongoni ni kitu kimoja, kama godoro. Sivyo. Ile mipana ya juu, inayoonekana mbeba mizigo wa sokoni anapovua shati, kwa hakika ni misuli ya mabega na mikono iliyokuja kujishikiza mgongoni. Misuli ya mgongo wenyewe iko chini yake, imelala katika mifereji miwili kando ya uti wa mgongo, kutoka kiunoni hadi kisogoni. Muulize mwenye bucha. Ile mikanda miwili mirefu ya nyama isiyo na mfupa, anayoikata kando ya uti wa ng'ombe na kuiuza kuwa steki, ndiyo hiyo hiyo. Kwetu sisi imepangwa safu tatu kila upande, na ndiyo inayomzuia mtu asianguke kifudifudi anapoinama kupalilia mahindi.

Kuna jambo moja kuhusu misuli hii ambalo huwashangaza wagonjwa wangu. Ukiinama kidogo, inafanya kazi kwa bidii. Ukiinama mpaka mwisho, inanyamaza kabisa, na uzito wote wa kiwiliwili huachiwa zile kano zinazounganisha pingili za uti. Kwa hiyo anayepalilia akiwa amejikunja saa nzima bila kuinuka hajaipa misuli yake kazi. Amezitundika kano zake kama kamba ya kuanikia nguo.

Chini ya safu hizo tatu kuna misuli mingine mifupi, ya mshazari, kila mmoja ukiruka pingili mbili, tatu au nne tu. Haina nguvu ya kunyanyua gunia. Kazi yake ni kuzishika pingili zisitetereke wakati misuli mikubwa inapovuta. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba mtu akipatwa na maumivu ya kiuno, misuli hii midogo husinyaa upande ule ule unaouma, na hairudi yenyewe hata maumivu yakishaisha. Inarudi kwa mazoezi. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu wanaoahidi kutengeneza mgongo kwa mlio mmoja hawalitaji kamwe. Ukitaka kuona mgongo uliofundishwa kazi, tazama wachezaji wa isukuti wa Isukha na Idakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mabega yanatetemeka kama ungo, lakini uti umesimama imara.

Sasa tupande hadi shingoni. Binadamu ana pingili 7 za shingo (na twiga pia ana 7, ila zake ni ndefu). Tano za chini zinafanana kidogo na zile za mgongoni. Zile mbili za juu kabisa hazifanani na nyingine yoyote mwilini, na ndizo zinazobeba kichwa chenye uzito wa takriban kilo 5.

Ya kwanza huitwa atlasi, jina la yule pandikizi wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kubeba mbingu. Haina kiwiliwili kama pingili nyingine. Ni pete tu, yenye visahani viwili juu yake ambamo fuvu limekaa. Ukitikisa kichwa kusema ndiyo, hapo ndipo mwendo unapoanzia. Ya pili huitwa aksisi. Hii ina jino la mfupa linalochomoza kwenda juu na kuingia ndani ya pete ya atlasi, na pete huzunguka kwenye jino hilo kama jiwe la kusagia kwenye kijiti chake. Ukitikisa kichwa kusema la, hapo ndipo. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo yako, unapogeuka kutazama kama kuna gari nyuma, hutokea katika kiungo hiki kimoja.

Baina ya fuvu na atlasi, na baina ya atlasi na aksisi, hakuna ile sahani laini ya gegedu iliyopo baina ya pingili nyingine. Kinacholizuia lile jino lisirudi nyuma na kuuminya ugwe wa mgongo ni kano moja imara iliyolikingama kwa nyuma, ikisaidiwa na nyingine mbili zinazolifunga jino kwenye fuvu. Uhuru mkubwa wa kugeuka umepatikana kwa kupunguza mifupa na kuongeza kano. Mwenyezi Mungu ana hesabu zake, nasi tunapaswa kuziheshimu.

Juu ya viungo hivyo, chini tu ya kisogo, kuna misuli midogo minne kila upande. Unaweza kuitambua mwenyewe. Weka vidole gumba viwili chini ya mfupa wa kisogo, kandokando ya ukosi, ubonyeze kidogo. Kichwa kisitikisike. Sasa peleka macho tu, kulia na kushoto. Watu wengi huhisi kitu kikicheza chini ya vidole. Misuli hii imejaa vipokezi vinavyoupasha ubongo habari, kila mara, kuhusu kichwa kimeelekea wapi. Ikikaza, kama inavyokaza kwa karani anayetazama kompyuta kutwa au kijana anayeinamia simu, maumivu hupanda kutoka kisogoni hadi juu ya jicho, na ukigeuka kwa haraka kizunguzungu hukushika. Wagonjwa wengi wanaonunua dawa za malaria kila mwezi kwa sababu ya kichwa hiki hawajawahi kupimwa damu.

Baina ya misuli hiyo minne kuna pembetatu ndogo, na ndani ya pembetatu hiyo umepita mshipa ninaouandikia makala haya. Ateri mbili, moja kila upande, hupanda kutoka kifuani zikipita ndani ya matundu ya pingili za shingo, kuanzia ya sita hadi ya kwanza. Zikifika kwenye atlasi hupinda kwa kona kali kuelekea nyuma, zikalala juu ya pete, kisha huingia ndani ya fuvu na kuungana. Ndizo zinazolisha shina la ubongo, ambako kupumua, kumeza na usawa wa mwili huamuliwa, na pia sehemu ya nyuma ya ubongo inayoona. Kila unapogeuza kichwa, ateri hizi huvutwa kidogo. Zimeumbwa na ulegevu wa kutosha kwa mwendo wako wa kawaida. Hazikuumbiwa mtu mwingine akigeuze kichwa hicho ghafla, ukiwa umelegeza misuli ambayo ingeuzuia mkono wake.

Na ule mlio ni nini? Si mfupa unaorudi mahali pake, kwa kuwa haukuwa umetoka. Kiungo kimefungwa ndani ya mfuko wenye maji mazito. Ukizitenganisha nyuso zake kwa haraka, kanieneo ndani ya maji hayo hushuka ghafla na uwazi wa hewa hutokea. Unsworth na wenzake wa Leeds, Uingereza, walilichunguza jambo hili mwaka 1971, na mwaka 2015 wachunguzi wa Kanada walilipiga picha likitokea kwenye vidole. Baada ya kualika, kiungo huhitaji takriban dakika 20 kabla hakijaweza kualika tena. Ule wepesi anaouhisi mteja ni wa kweli, sikatai. Misuli hulegea kwa muda. Lakini kabla hajafika nyumbani, kama kinachomsumbua ni kiti kibaya cha ofisini, ukosi umeanza kukaza upya, na Ijumaa ijayo anarudi kwa kinyozi.

Hatari yenyewe ni hii. Ukuta wa ateri una tabaka kadhaa. Ukivutwa kwa ghafla, tabaka la ndani linaweza kuchanika. Damu hupenya baina ya tabaka, njia hupungua, na bonge la damu huweza kuganda pale kisha likasafiri hadi kwenye ubongo. Hicho ni kiharusi, na hakingojei uzee. Kuchanika kwa ateri za shingo ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi kwa watu walio chini ya umri wa miaka 50. Si lazima shingo ipigwe msokoto, kwani mwaka 1993 daktari wa neva wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika katika jarida la JAMA habari za wanawake 5 waliopatwa na matatizo ya ubongo baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo zikiwa zimepindwa nyuma kwenye ukingo wa beseni. Kina mama na kina dada wanaosoma makala haya wakidhani ni ya wanaume tu, nanyi pia mmo. Dai taulo lililokunjwa liwekwe chini ya ukosi, na usikae katika hali hiyo kwa muda mrefu.

Niliwahi kumpokea kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuja akisema ana malaria iliyopanda kichwani. Siku mbili kabla alikuwa amealishwa shingo. Jioni ile ile alianza kuumwa upande mmoja wa kisogo, maumivu ambayo hakuwahi kuyapata. Alinunua dawa, akalala. Alipofika kwangu alikuwa akipepesuka kuelekea kushoto kama mlevi, kope moja imeshuka, ana kwikwi isiyokoma, na nusu ya uso wake haikuhisi ubaridi wa kijiko. Nilimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na picha zilionyesha ateri iliyochanika. Alipata nafuu, lakini ilimchukua miezi mingi kuweza kumeza chai bila kupaliwa.

Najua jibu nitakalopewa. "Daktari, mimi nimealishwa shingo kwa miaka 10 na sijafa." Ni kweli, na sitaki kumtisha mtu kwa uongo: tukio kama hilo ni nadra. Wengi wataalishwa maisha yao yote wasipatwe na lolote. Swali langu ni la mizani. Upande mmoja kuna wepesi wa nusu saa. Upande wa pili kuna uwezekano, hata ukiwa mdogo, wa kupoteza usawa, sauti au uhai ukiwa na watoto wa kusomesha. Mtu akiniuzia dawa yenye mizani ya namna hiyo, siwezi kumwandikia mgonjwa wangu.

Isitoshe, kinyozi hajui anashika shingo ya nani, wala haulizi. Katika nchi hii kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu. Huingia kwenye mifupa ya uti, kikaila pingili polepole kwa miezi kadhaa, na dalili ya kwanza inaweza kuwa maumivu ya mgongo au shingo tu. Ugonjwa wa baridi yabisi unaweza kuilegeza ile kano inayolishika jino la aksisi. Baadhi ya watoto wanaozaliwa na hali ya Down wana kano hiyo hiyo legevu. Wazee wana mifupa iliyopukutika. Na shingo iliyokaza pamoja na homa yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, ambayo ikicheleweshwa saa chache huua. Hizi ni shingo ambazo hata mtaalamu aliyehitimu hathubutu kuzisokota bila kuzichunguza kwanza, seuze kijana aliyejifunza kazi hii kwa kumtazama mwenzake wiki mbili.

Nigeuke kidogo kwa wale ambao hawaingii kwa kinyozi wala saluni, kwa kuwa maumivu ya shingo ninayoyaona zaidi ni yao. Ni mama anayebeba maji, kuni na ndizi kichwani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake juu ya wanawake wa Kikuyu na Kiluo. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu yoyote ya ziada, jambo ambalo askari wenye mikoba mgongoni hawaliwezi. Tunapenda kulitaja hili kwa fahari, nami nalitaja. Lakini tupige hesabu. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 na zaidi, yaani theluthi moja ya uzito wake. Tena uchunguzi ule ulipima pumzi, haukupima viungo vya shingo. Huko Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta mchakavuko wa pingili za shingo kuwa mwingi zaidi kwa wanaobeba mizigo kichwani kuliko kwa wasiobeba. Miaka ya 1980 mradi wa maji wa Kenya na Finland ulipochimba visima katika mkoa wa Magharibi, ulipunguza kazi ya shingo nyingi kuliko madaktari wote wa mkoa. Bomba karibu na mlango ni dawa ya ukosi. Mpaka lifike, mitungi miwili ya lita 10 kwa safari mbili ni afadhali kuliko mmoja wa 20, na mkokoteni ni afadhali kuliko yote.

Kwa vinyozi sina chuki. Wengi ni vijana wanaojitafutia riziki kwa njia ya halali, na mimi mwenyewe hunyolewa nao. Ninachoomba ni kwamba serikali ya kaunti, ambayo tayari huwapa leseni na kuwatuma maafisa wa afya ya umma kukagua wembe na taulo, iongeze sharti moja: kukanda mabega ruhusa, kusokota shingo marufuku. Halihitaji sheria mpya ya Bunge. Maafisa hao hao wanaouliza kama mashine imesafishwa kwa spiriti waulize na hili. Na mteja asingoje kaunti. Akisikia mkono umefika kidevuni, aseme, "Hapo basi, ndugu yangu." Hakuna kinyozi atakayegomba.

Mwenye maumivu ya shingo yasiyoisha kwa wiki mbili tatu amwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Wataalamu hawa wana baraza lao la kuwasajili kwa sheria ya mwaka 2014, kwa hiyo usione haya kuuliza namba ya usajili. Nyumbani, vuta kidevu nyuma kana kwamba unajitengenezea kidevu cha pili, kaa hivyo hadi hesabu ya 5, legeza, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Zoezi hili halina mlio, wala hakuna atakayekutoza. Lakini ukipata maumivu mapya makali ya upande mmoja wa shingo au kisogo, hasa pamoja na kupepesuka, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au kupaliwa, usifanye zoezi wala usitafute mkandaji. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na utaje kama shingo yako ilisokotwa siku za karibuni, kwa maana daktari asipoambiwa huenda asiulize.

Limebaki la bodaboda. Mara kwa mara, ajali inapotokea barabarani, majeruhi huinuliwa kwa kwapa, akapakiwa kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia hadi hospitali. Nia ni njema kabisa. Lakini kama lile jino la aksisi limevunjika na ugwe wa mgongo bado mzima, kule kuning'inia kunaweza kuumaliza. Isipokuwa pana moto au gari jingine linakuja, mwacheni alale alipo. Mmoja apige magoti penye kichwa chake, akishike kwa viganja vyote viwili kikiwa sawa na mwili, na asikiachilie kwa lolote, hata akiulizwa maswali na polisi. Helmeti isivuliwe kama anapumua vizuri. Tafuteni gari lenye nafasi ya kumlaza, na mlango au ubao mpana. Wakati wa kumgeuza, wawe watu wanne, watatu ubavuni, na yule aliyeshika kichwa ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Wengine wamfuate yeye.